Wakili wa bima na tarehe 9 Mei

Ijumaa ya tarehe 10 Februari 2023 niliitwa ofisini saa mbili asubuhi. Zamu ya usiku ilikuwa imeisha, miguu imenivimba, koti nimeshavaa. Meneja alinipa bahasha, akasema niisome nikifika nyumbani. Niliisomea kituo cha basi. Nimefukuzwa kazi kuanzia siku ileile, bila notisi.

Nilikuwa nimefanya kazi katika nyumba ile ya kutunzia wazee, hapa Leicester, Uingereza, tangu 2016. Kosa lililoandikwa ni kwamba nilimwacha bibi mmoja peke yake bafuni. Ni kweli nilimwacha, kwa dakika chache, kwa sababu kengele ya chumba kingine ilikuwa inalia na tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee 31. Miezi ya nyuma nilikuwa nimemwandikia meneja mara tatu kwamba wahudumu wa usiku hawatoshi. Barua zile hazikutajwa popote ndani ya bahasha.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka bima. Tunapanga nyumba, na tulikuwa tumekatia bima vitu vya ndani. Siku tulipoikata, binti wa kwenye simu aliuliza kama tungependa kuongeza bima ya gharama za kisheria, pauni 24 kwa mwaka. Tukasema sawa, kama mtu anavyokubali mfuko dukani. Sasa mume wangu akazitoa karatasi kabatini, akaweka kidole pale palipoandikwa: migogoro ya ajira, hadi pauni 50,000.

Nililia. Nilidhani shida imekwisha.

Kwa msomaji ambaye hakai Uingereza nieleze kwa nini karatasi ile ilinipa matumaini kiasi hicho. Wakili hapa hutoza kwa saa, na pauni 200 kwa saa si bei ya kushangaza hata nje ya London. Msaada wa kisheria wa serikali kwa mtu aliyefukuzwa kazi isivyo haki uliondolewa Aprili 2013. Kufungua kesi katika mahakama ya kazi ni bure, tangu Mahakama ya Juu ilipozifuta ada zake mwaka 2017, ila hata ukishinda, kwa kawaida aliyeshindwa hakulipii wakili wako. Kila senti unayomlipa wakili inatoka katika kile ulichokipata. Mhudumu wa wazee bila chama cha wafanyakazi na bila bima hubaki kuandika karatasi zake mwenyewe usiku, mezani jikoni.

Kwa hiyo nilipiga simu. Nikajaza fomu ndefu, nikapeleka mkataba, barua ya kufukuzwa na zile barua zangu tatu. Mwanzoni mwa Machi nikaarifiwa kwamba faili langu limepelekwa kwa ofisi ya mawakili waliomo kwenye orodha ya kampuni ya bima. Ofisi ilikuwa mji mwingine kabisa, ambao sijawahi kufika.

Hapo ndipo pana jambo ambalo laiti ningelielewa siku ya kwanza. Kampuni ya bima si wakili wako. Ina mkataba na ofisi kadhaa za mawakili, inazipelekea mafaili mengi, na inazilipa kwa bei ya chini waliyokubaliana. Kazi ya kwanza ya ofisi hiyo ni kupima: je, uwezekano wa mtu huyu kushinda ni asilimia 51 au zaidi? Isipofika hapo, bima hailipi. Wewe unasubiri kutetewa kumbe bado unapimwa. Hata hivyo, na hili watu wengi hawaambiwi, mteja wa wakili yule ni wewe. Anayelipa ni bima, lakini wajibu wake wa kukushauri vizuri na kukujibu ni kwako, sawasawa na kama ungemlipa kwa mkono wako.

Aliyeshika faili langu hakuwa wakili, alikuwa msaidizi wa kisheria. Hilo peke yake si kosa; wasaidizi wazuri wapo, mradi wakili anawasimamia. Wa kwanza alinipigia mara moja, akaniuliza maswali ya dakika kumi, akasema atarudi. Hakurudi. Wiki mbili baadaye nikaandika barua pepe, ikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, nikajibiwa na mtu mwingine kwamba mwenzake ameacha kazi na yeye ndiye ameshika faili. Mwezi wa Aprili akaja wa tatu. Kila mmoja aliniomba mkataba uleule nilioupeleka Februari.

Na mimi nilinyamaza. Lazima niliseme wazi, kwa sababu najua siko peke yangu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba yangu alikuwa akienda kumwona wakili huvaa kanzu iliyopigwa pasi na kukaa kwenye benchi nusu siku bila kuuliza zamu yake ni lini. Tumekua tukijua kwamba mtu aliyesoma akikaa kimya, ana sababu zake. Kumkumbusha mara ya pili ni kama kumkosea adabu. Juu ya hayo, nilikuwa naona haya na Kiingereza changu. Nilikuwa naandika barua pepe ya mistari minne kwa saa nzima, nikimwomba mwanangu anisahihishie, kisha naanza na “samahani kwa usumbufu”. Usumbufu gani? Kazi yao ilikuwa kunijibu.

Aliyeniamsha ni dada mmoja wa Mombasa, mstaafu, ambaye alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hospitalini kwa miaka mingi. Alinipigia tarehe 3 Mei kuniuliza habari za mgonjwa mmoja. Tukasalimiana, nikamweleza yaliyonikuta. Akanikatiza.

“Mdogo wangu, siku yako ya mwisho kazini ilikuwa lini?”

“Tarehe 10 Februari, dada.”

Akanyamaza kidogo, nikasikia anahesabu. “Umeshakwenda ACAS?”

“Mawakili wanashughulikia.”

“Sikuulizi mawakili. Una cheti cha ACAS au huna?”

Sikuwa nacho. Sikujua hata ni kitu gani. Akanieleza. Mtu aliyefukuzwa kazi wakati ule alikuwa na miezi mitatu kasoro siku moja ya kuanza madai yake. Kwangu mimi ilikuwa mwisho tarehe 9 Mei. Kabla ya kufungua kesi, tangu 2014 sheria inakulazimisha kwanza uwasiliane na ACAS, chombo cha usuluhishi wa mambo ya kazi, na ukishawasiliana nao hesabu ya siku inasimama hadi watoe cheti. Usipofanya hivyo ndani ya muda, mahakama inaweza kukataa kabisa kukusikiliza, na kisingizio kwamba wakili ndiye aliyechelewa hakikusaidii sana. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Usiku ule sikulala. Asubuhi ya tarehe 4 nilipiga simu kwa mawakili mara tano. Mara ya tano nikaambiwa, kwa sauti ya upole, kwamba bado wanatathmini na kwamba nisiwe na wasiwasi. Nikauliza: tarehe 9 Mei mnaijua? Yule binti akasema ataacha ujumbe.

Jioni nikafungua kompyuta ya mwanangu, nikajaza fomu ya ACAS mwenyewe. Jina langu, jina la mwajiri, anwani, tarehe. Nilimaliza kabla wali haujaiva. Ni bure. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu wakati ule: kitu kilichobeba kesi yangu yote kilichukua muda wa kupika wali, na ofisi nzima ya mawakili haikukifanya kwa miezi miwili.

Mwajiri alikataa kusuluhishwa. Cheti kikatoka tarehe 15 Juni, na kwa hesabu ya sheria nikawa na hadi tarehe 15 Julai kufungua kesi.

Wiki moja baada ya cheti, tarehe 22 Juni, ndipo tathmini ilipofika. Kurasa mbili. Ilisema kwamba kwa kuwa nilifanya kazi miezi 16 tu, na sheria ilihitaji miaka miwili, sina haki ya kudai kwamba nimefukuzwa isivyo haki, uwezekano wa kushinda uko chini ya asilimia 51, faili linafungwa. Kesho yake kampuni ya bima ikaniandikia kwamba, kwa kutegemea maoni ya mawakili, haitagharamia kesi.

Miezi 16! Nilikaa na namba ile mpaka nikajua ilikotoka. Oktoba 2021 nyumba yetu ya wazee iliuzwa kwa kampuni nyingine, nasi tukapewa mikataba mipya yenye nembo mpya. Mtu alikuwa amehesabu kuanzia kwenye nembo. Uingereza ina kanuni za mwaka 2006, maarufu kwa jina la TUPE, ambazo zinasema biashara ikihamia kwa mmiliki mwingine, mfanyakazi anahama na miaka yake. Mimi nilikuwa na zaidi ya sita. Nilikuwa nimeeleza mauzo yale kwenye fomu ya mwanzo kabisa. Na hata kama ingekuwa miezi 16 kweli, barua zangu kuhusu upungufu wa wahudumu hazikuguswa, wakati mtu aliyefukuzwa kwa kufichua hatari analindwa na sheria bila kungojea miaka miwili. Dada wa Mombasa alinifafanulia yote haya kwa simu, bila digrii ya sheria.

Nilipompigia msaidizi wa tatu kumwambia kuna kosa, alinijibu kwamba labda sikuielewa barua vizuri. Maneno yale yaliniuma kuliko kufukuzwa kazi.

Sasa nieleze njia, maana nilipoanza kulalamika niligundua kwamba watu wengi wanapotelea hapa. Kulikuwa na pande mbili zilizonikosea na kila upande ulinionyesha mwingine. Bima wakasema mawakili ni huru, hawawaingilii. Mawakili wakasema uamuzi wa kufadhili ni wa bima. Ukikaa katikati yao ukitupwa huku na huku kama mpira, siku zinakwisha. Malalamiko yanatakiwa yawe mawili, barua mbili, siku moja, na kila barua izungumzie makosa ya yule anayeandikiwa tu.

Barua yangu kwa mawakili ilianza hivi: “Naomba barua hii ichukuliwe kuwa ni malalamiko rasmi.” Sentensi hiyo ni muhimu, kwa sababu bila neno malalamiko watakujibu kama wanavyojibu swali, na muda hautaanza kuhesabiwa. Sikuandika kwamba ni wazembe, ingawa moyo ulitaka. Niliandika tarehe. Tarehe 14 Machi niliandika, sikujibiwa. Tarehe 28 Machi niliandika tena, nikaambiwa tu kwamba faili limebadilisha mikono. Tarehe 4 Mei nilipiga simu mara tano. Hakuna mahali popote mliponitajia tarehe 9 Mei wala ACAS. Tathmini yenu imekosea muda wangu wa kazi, na ukurasa wa tatu wa fomu yangu unaonyesha muda sahihi. Mwishoni nikataja ninachotaka: tathmini isahihishwe, nielezwe wakili gani aliyeisimamia, na nilipwe fidia ya usumbufu.

Ofisi ya mawakili ina wiki 8 za kukujibu. Ikinyamaza, au ikikujibu na hukuridhika, unakwenda kwa Legal Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya mawakili wa Uingereza na Wales, aliyeanza kazi Oktoba 2010 baada ya sheria ya 2007. Hatozi mlalamikaji chochote na anaweza kuamuru fidia hadi pauni 50,000. Una miezi 6 tangu upate jibu la mwisho la ofisi. Tena tangu Aprili 2023 kuna mpaka mwingine mkali kuliko ule wa zamani: mwaka mmoja tangu jambo lenyewe litokee au tangu ulipopaswa kulijua. Walio Glasgow na Edinburgh wana tume yao, Scottish Legal Complaints Commission.

Ombudsman huyu anaangalia huduma: kuchelewa, kutojibu, kutofuata maagizo ya mteja, kutoeleza gharama. Wakili akila fedha zako au akisema uongo, huo ni utovu wa maadili na mahali pake ni Solicitors Regulation Authority, mamlaka inayowasimamia mawakili. Na kama uzembe wake umekupotezea kesi yenyewe, mfano tarehe imempita, hiyo inaweza kuwa kesi ya madai dhidi yake; ofisi zote hulazimika kuwa na bima ya makosa ya kazi, kwa hiyo fedha za kukulipa zipo. Mimi niliponea chupuchupu kuifikia hatua hiyo.

Barua kwa bima ilikuwa na hoja nyingine. Kampuni ya bima haitegemewi kujua sheria kuliko wakili, na Financial Ombudsman Service, inayosikiliza malalamiko ya bima, hukubali kwamba kampuni inaweza kutegemea maoni ya wakili mwenye sifa. Lakini si maoni yaliyojengwa juu ya kosa lililo wazi. Nikawaandikia: mmetegemea miezi 16, na fomu mliyoipokea ninyi wenyewe inasema 2016. Wakajibu kwamba nikipata maoni ya wakili mwingine yenye kuniunga mkono watayaangalia.

Wakili mwingine kwa fedha gani? Tangu Februari nilikuwa nafanya vibarua vya usafi. Akina mama tunaocheza nao upatu hapa Leicester wakakubali nichukue zamu iliyokuwa ya mwezi wa Septemba. Hawakuniuliza mara mbili. Nikamtafuta wakili wa mahakamani, yule wa wigi, ambaye siku hizi mwananchi anaweza kumwendea moja kwa moja bila kupitia ofisi ya mawakili. Pauni 540 pamoja na kodi. Alisoma karatasi zangu zote. Tarehe 5 Julai alinipa kurasa saba, na kwenye ukurasa wa kwanza aliandika mwaka nilioanza kazi, 2016. Nilipouona mwaka ule nikajua kuna mtu amenisoma. Alikadiria asilimia 60.

Tarehe 7 Julai nilifungua kesi mwenyewe, nikisaidiwa na mwanangu na yule dada. Sikungoja bima waamue kwanza.

Tarehe 28 Julai bima wakarudisha ufadhili, wakanirejeshea zile pauni 540, na wakanilipa 150 kwa kuchelewa kwao. Fomu ya kwenda Financial Ombudsman nilikuwa nimeshaijaza, ikabaki kwenye droo. Kisha wakataka kunirudisha kwa ofisi ileile. Nikakataa. Kanuni za mwaka 1990 za bima ya gharama za kisheria zinampa mwenye bima haki ya kujichagulia wakili pale mashauri yanapoanza, na yangu yalikuwa yameanza. Bima huweza kubishana kuhusu bei, wala si mabishano madogo. Ofisi mbili za hapa mjini zilinikataa kwa sababu ya bei hiyo. Ya tatu ikakubali. Na usije ukajichukulia wakili wako kabla bima hawajaridhia kwa maandishi, kwa sababu gharama za kabla ya ridhaa kwa kawaida hawazilipi.

Jambo jingine nililolifanya ni kuomba faili langu lote. Nilitumia sheria ya taarifa binafsi, ambayo inampa mtu haki ya kupata taarifa zake ndani ya mwezi mmoja. Lilipokuja niliketi nalo siku nzima. Barua pepe zangu zilikuwamo zote, zimehifadhiwa vizuri, bila jibu. Fomu ya Februari ilikuwamo. Na katikati palikuwa na maelezo mafupi ya mwezi wa Aprili ya msaidizi wa pili kwa yule wa tatu: angalia muda, unakaribia. Alijua. Aliandika, akahama, na aliyebaki hakusoma. Hasira yangu kwa wale vijana ilipungua siku ile. Mtu mmoja anapopewa mafaili mengi kiasi hicho, mwenye kosa kubwa ni aliyempa.

Jibu la mwisho la mawakili lilifika Agosti 11: pauni 100 na masikitiko. Nikalipeleka kwa Legal Ombudsman Septemba. Ilikuwa foleni ndefu. Juni 2024 ndipo uamuzi ulipotoka: walishindwa kunijibu, walishindwa kunieleza muda wa mwisho, na walikosea jambo lililokuwa kwenye karatasi zao. Wakaamriwa kunilipa pauni 600 na kuniomba radhi kwa maandishi. Barua ya radhi ninayo. Imesainiwa na wakili mwenyewe, ambaye jina lake nilikuwa silijui mpaka siku hiyo.

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha Februari ile ya 2024, kwa mapatano kupitia ACAS, kabla hatujaingia mahakamani. Kiasi siwezi kukitaja, ni sehemu ya makubaliano. Upatu wa Septemba nilikuwa nimeshaulipa mwaka 2023, bima waliporejesha zile 540.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kigoma, dereva wa ghala, alipewa namba yangu msikitini akanipigia. Alianza kunieleza mambo ya msimamizi wake, jinsi alivyomtukana, jinsi wenzake walivyoshuhudia. Nilimwambia subiri kwanza, mwanangu, hayo nitayasikiliza yote, sina haraka. Siku yako ya mwisho kazini ilikuwa tarehe ngapi? Nikasikia anatafuta karatasi.

“Tarehe mbili, mama.”

Nikachukua kalamu.